Tupeane uzoefu: rangi za Vim zilipovurugika kwenye terminali, ulizitulizaje?

Mwanjelwa_Kodi

Wakuu, habari za jioni. Wiki nzima nimepambana na rangi za Vim, programu ya kuhariri maandishi ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri), leo zimetulia, ndiyo maana nafungua uzi huu. Kila aliyepitia aeleze aliona nini kwenye skrini na alifanya nini mpaka ikakubali. Tuanze na ulichokiona, tafadhali. Mwenye tatizo huwa halijui jina lake, anajua tu kilicho mbele ya macho yake.

Langu hili. Naandika programu ya hesabu za stoo kwa duka la pembejeo hapa Mwanjelwa. Inakaa kwenye seva ya mbali, kwa hiyo naingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), nafungua tmux, programu inayoshikilia kazi kule kwenye seva, ili umeme au mtandao ukikatika kazi ibaki ilipo, kisha ndani yake nafungua Vim. Nje ya tmux Vim ilikuwa safi kabisa. Ndani yake, rangi ya kijivu ilikaa nyuma ya maandishi tu. Pasipo na herufi palikuwa peusi, na kila nikishuka kwenye faili ilibaki michirizi kama kanga iliyochuja. Ctrl-L inasafisha, nikishuka tena inarudi.

Nilibadilisha seti za rangi mara nne nikidhani kosa ni lao. Halikuwa lao. Kwenye .bashrc, faili la mipangilio linalosomwa terminali inapofunguka, nilikuwa na mstari nilioukopi zamani bila kuuelewa:

`export TERM=xterm-256color`

TERM ndiyo inayoiambia Vim iko kwenye terminali ya aina gani. Mimi nilikuwa naiambia iko kwenye xterm, terminali ya aina nyingine, kumbe iko ndani ya tmux. Xterm ikifuta sehemu ya mstari, huijaza rangi ya nyuma inayotumika wakati huo. Vim ikaamini itajaziwa, ikafuta na kuendelea, na tmux ya zamani iliyopo kwenye ile seva haikujaza kitu. Hapo ndipo michirizi ilipotoka.

Nikaufuta ule mstari, nikaweka `set -g default-terminal "screen-256color"` kwenye .tmux.conf, nikafunga kila kitu kwa `tmux kill-server` (hifadhi kazi zako kwanza, inaua madirisha yote), nikafungua upya. `tput colors`, amri ya kuuliza idadi ya rangi, ikajibu 256 na michirizi ikaisha. Kama seva si yako na huwezi kugusa mipangilio ya tmux, jaribu `set t_ut=` kwenye .vimrc, faili la mipangilio ya Vim. Hiyo inaikataza Vim kutegemea kujaziwa rangi.

Dada_wa_Kihesa

Mkuu, langu lilikuwa dogo ila limenitesa macho miezi mingi. Maelezo yote yanayoanza na alama ya # yalikuwa ya bluu iliyoiva juu ya weusi. Jioni hapa Iringa nikiwasha taa ndiyo kabisa, nayasoma kwa kuinamia skrini.

Vim ilidhani terminali yangu ni nyeupe, na kwenye nyeupe ile bluu inasomeka vizuri. Niliandika `set background=dark`, maelezo yakageuka ya bluu ya maji iliyong'aa. Wengi hudhani amri hiyo inabadilisha rangi ya nyuma. Haiibadilishi. Inaieleza Vim kwamba nyuma ni peusi, ili ichague herufi zinazoonekana.

Makambako_Njiapanda

Mimi sikuwa na rangi kabisa. Seva mpya ya Debian (aina ya Linux), nikiandika `syntax on`, amri ya kuwasha rangi, najibiwa E319, kwamba amri hiyo haipo kwenye toleo hili. Nikaanza kuhangaika na TERM kama mkuu hapo juu.

Kumbe iliyowekwa ni vim-tiny, Vim iliyopunguzwa, haina kabisa sehemu ya kupaka rangi. `sudo apt install vim`, mchezo ukaisha. Ukitaka kuhakiki kabla ya kula bando, andika `vi --version` utafute neno syntax. Likitanguliwa na alama ya kutoa, usipoteze muda na mipangilio.

Mzee_wa_Tukuyu

Wanangu, mnazungumzia rangi, mimi niwaletee herufi, maana nazo ni maonyesho. Natunza kumbukumbu za mifugo za kikundi chetu, naandika kwa PuTTY, programu ya kuingia kwenye seva, kutoka kompyuta ya mtumba yenye Windows. Sehemu ya maandishi niliitoa kwenye Word. Siku moja kila ng'ombe amegeuka kuwa "ngâ€™ombe". Faili zima. Nilishtuka, nikajua kumbukumbu za miaka zimeharibika.

Hazikuwa zimeharibika. Word huweka ritifaa iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, na kwenye UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, ile iliyopinda huandikwa kwa baiti tatu. Seva ilituma tatu sawasawa, ila PuTTY yangu, kwenye muunganisho niliouhifadhi zamani, ilikuwa inasoma kila baiti kama herufi inayojitegemea. Niliingia kwenye mipangilio ya PuTTY, sehemu ya Window, kisha Translation, nikachagua UTF-8, nikabonyeza Save kwenye muunganisho ule. Ng'ombe wote wakarudi.

Nawasihi jambo moja: ukiona hivyo, usianze kufuta na kuandika upya, wala usihifadhi faili. Toka kwa `:q!` kwanza, urekebishe upande wa kuonyesha. Rafiki yangu wa Kyela alisahihisha kwa mkono kurasa kumi na mbili zilizokuwa nzima.

Mwanafunzi_Iyunga

Shikamoo mzee. Hilo la kutohifadhi nimelishika.

Langu: skrini inaganda ghafla, kibodi haijibu, nafunga dirisha, nusu ya kazi inapotea. Imenitokea mara tatu usiku mmoja. Nilikuwa nabonyeza Ctrl-S kwa mazoea ya kuhifadhi, na kwenye terminali nyingi Ctrl-S husimamisha maonyesho. Ctrl-Q huyafungulia. Sasa nina `stty -ixon` kwenye .bashrc, inazima tabia hiyo.

Soweto_Mbeya

Niongeze la `termguicolors`, mpangilio wa Vim. Niliiwasha baada ya kuona picha ya mtu yenye rangi nzuri, kwangu ikawa vurugu tupu. Ile inaruhusu rangi zaidi ya milioni 16, lakini terminali yako lazima izijue. Jaribu hivi kwanza:

`printf '\033[38;2;255;120;0mjaribio\033[0m\n'`

Neno likitoka la chungwa, washa. Likitoka rangi nyingine au bila rangi, baki na rangi 256. Na fanya jaribio hilo nje na ndani ya tmux, majibu yanaweza kutofautiana.

Mafinga_Mbao

Wakuu, samahani, la kwangu bado halijapona. Nikiingia kwenye mashine kwa waya wa siriali, Vim inakaa kwenye kona ya juu kushoto tu, mistari 24, ingawa dirisha ni kubwa. Rangi ziko sawa.

Mwanjelwa_Kodi

Mafinga, waya wa siriali haupeleki ukubwa wa dirisha, kwa hiyo mashine inabaki na kipimo cha kawaida, 80 kwa 24. Toka Vim, uandike `stty rows 50 cols 160`, ukiweka namba za dirisha lako, kisha uifungue tena. Utairudia kila ukiingia.

Mafinga_Mbao

Imejaa skrini nzima. Asante sana mkuu.