Eti "hii siyo ng'ombe, acha kuipapasa"! Fundi wa alaimenti kanidhalilisha leo hapa Dodoma

Binti_Bahi:

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa ndani ya gari, nimeegesha hatua chache tu kutoka kwa huyo fundi wa alaimenti, yaani wa kunyoosha tairi zikae sawa, na mikono bado inatetemeka.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule mwenye mashine ya kompyuta anayoisifia kuliko mtoto wake wa kwanza, yule ambaye ukimsalimia anaitikia huku anachezea simu. Mwenye fobai yeyote mji huu, hizi gari zinazosukuma miguu yote minne, ameshapita mikononi mwake, akatoka analalamika, na wiki ijayo karudi tena. Ndiyo maana kichwa kimemvimba mpaka kofia haikai.

Gari yangu ni Prado ya 2004. Mimi ni mtu wa mifugo, wiki nzima niko njiani: leo Bahi, kesho Kondoa vijijini, keshokutwa Kibakwe kwenye mawe. Tairi ya mbele kulia inaliwa upande wa ndani. Ukiitazama umesimama utasema tairi nzima, kashata zote, vile vitofali vya mpira, zipo. Sasa chuchumaa, ingiza kichwa chini ya bampa: ndani ni kipara kitupu, na pembeni kabisa waya zimeshaanza kuchungulia. Ukifika spidi 80 inavuma hivi kwamba mbuzi wa Chipanga wanakimbia dakika tano kabla sijatokea.

Hii ni mara ya TATU. Mara tatu nimempa 40,000 yake, mara tatu ananionyesha kioo cha mashine, "unaona dada, kijani, kijani, kijani", mara tatu nimeondoka, na baada ya mwezi tairi ni ile ile.

Leo nimefika saa mbili asubuhi. Kwenye benchi kuna watu kama tisa wanasubiri. Nikamwambia kwa adabu, "Fundi, tairi bado inaliwa. Naomba upige jeki kwanza uangalie bushi na boljointi, halafu ndiyo uweke kwenye mashine." Ndiyo vile viungo vya mguu wa mbele vinavyochoka. Hata kunyanyuka hakunyanyuka. Basi nikachuchumaa mwenyewe nimwonyeshe. Nikaweka kiganja juu ya tairi. Ukikipitisha kutoka ndani kwenda nje, kinateleza. Ukikirudisha kutoka nje kuja ndani, kinakwaruzwa kama umegusa meno ya msumeno. Yaani kila kashata imechongoka upande mmoja. Hiyo ni dalili ya tairi inayoburuzwa kiubavu badala ya kubingirika, na huwezi kuiona kwa macho ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki. Lazima ushike.

Hapo ndipo aliposema. Kwa sauti ya dalali wa mnadani:

"Dada, hii siyo ng'ombe. Acha kuipapasa."

Benchi zima likaangua kicheko. Hadi dogo wa karanga alicheka mpaka akamwaga mzigo. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaamka, akauliza kimesemwa nini, AKARUDIWA, akacheka na yeye.

Siyo ng'ombe! Mimi nimesomea kupapasa ng'ombe, ndiyo. Naingiza mkono mpaka begani, natoka nakwambia mimba ina miezi mingapi, na ndama anakuja kuzaliwa siku hizo hizo. Yeye tairi iko nje, haipigi teke, haina pembe, na ameshindwa kuinama aiguse mara moja!

Halafu akaendelea, maana nilivyokaa kimya alidhani nimekubali. Eti shida ni mimi, napanda kingo za barabara. Eti ninunue tairi nne mpya, anazo hapo hapo, 450,000 moja. Nikaenda kuzitazama hizo "mpya". Zinang'aa, zimepakwa dawa. Nikasoma ubavuni zile tarakimu nne za mwisho: 1419. Wiki ya 14 ya mwaka 2019. Mpya kwa nani? Nikamwuliza, akasema hizo ni namba za kiwanda. Ni za kiwanda kweli, ni tarehe ya kuzaliwa ya tairi!

Na hata angeniuzia iliyotoka kiwandani jana, kama kinachokula hakijatafutwa, itaenda kipara vile vile. Tairi haijili yenyewe.

Lakini tairi nitanunua, pesa inatafutwa. Kinachonichoma ni ile "siyo ng'ombe". Mbele ya watu tisa. Na alivyosema akamkonyeza yule kijana wake wa spana. Nimeendesha barabara ya Kibakwe usiku peke yangu, nimebadilisha tairi kwenye korongo mvua inanyesha, halafu mtu anayeogopa kuchafua goti ananiambia nisiguse tairi yangu!

Siyo ng'ombe. Sawa.

Nani ana fundi mwingine Dodoma anayechuchumaa?

Vumbi_la_Nala:

Moooooo.

Zabibu_Chungu:

Nimesoma mpaka "akarudiwa, akacheka na yeye" nikashindwa kuendelea. Pole dada, ila huyo mzee nampenda.

Na mimi kaniambia kamba ya mbele iko sawa, ikabidi niulize kamba gani. Kumbe anamaanisha ile kemba, mlalo wa tairi. Baada ya wiki mbili nimegundua kweli ilikuwa kamba. Alinipiga kamba.

Ubuyu_wa_Makole:

Huyo jamaa! Mimi aliniambia gari langu linavuta kushoto kwa sababu mke wangu ni mnene. Mke wangu alikuwepo. Alikuwa amekaa KULIA, ndiye aliyeendesha.

Mpwapwa_Kwetu:

Mleta uzi punguza hasira. Wenye magari ya kwenda Bahi tunawajua, mnapunguza upepo mchangani halafu mnarudi mjini hamjazi. Tairi inalala, inaliwa, mnamsingizia fundi wa watu.

Binti_Bahi:

@Mpwapwa_Kwetu upepo mdogo unakula mabega YOTE MAWILI, nje na ndani. Upepo ukizidi unakula katikati. Mimi ni bega moja, la ndani, tena tairi moja zaidi ya mwenzake. Upepo napima kila Jumatatu asubuhi kabla gari haijatembea, gauji ninayo mwenyewe. Usome kwanza.

Na hata kama ingekuwa upepo, ndiyo aniambie siyo ng'ombe?

Vumbi_la_Nala:

Mooooo mara ya pili.

Mzee_wa_Jeki:

Mwanangu Binti_Bahi, achana na hawa. Nimekaa chini ya magari miaka mingi, sasa nimestaafu na mgongo umekataa, lakini hili nakwambia.

Kiganja chako hakijakosea. Mashine inapima gari iliyosimama, imetulia. Hiyo Prado mbele ina mikono ya juu na ya chini, vyuma vinavyoshika tairi, na mkono wa chini umeshikwa na bushi za mpira. Mpira ukichoka, gari ikisimama namba zinakaa vizuri na kioo kinakuwa kijani. Ukitembea, ukifunga breki, ukipiga shimo, mkono unarudi nyuma na tairi inafunguka kwa mbele, inatazama nje. Inaburuzwa kilomita zote unazotembea. Kwenye mashine hutaliona hilo hata ukilipia mara kumi.

Fundi wa kweli anapiga jeki kwanza. Anashika tairi juu na chini anaitikisa: ikicheza, ni boljointi au beringi. Anashika kushoto na kulia: ikicheza, ni tairodi, ile fimbo inayogeuza tairi, au raki ya stelingi. Halafu anaweka mtaimbo kwenye mkono wa chini anausukuma, anaangalia bushi inavyohama. Nusu saa inatosha. Jambo lingine, zile bolti za kurekebishia kwenye mkono wa chini hushika kutu zikagoma kabisa. Fundi mvivu akikuta zimegoma anaziacha, anazungusha tairodi peke yake, anakupa karatasi.

Muulize tu: ile bolti ya kulia uliizungusha? Mtazame usoni.

Binti_Bahi:

Shikamoo mzee wangu. Mungu akuweke. Nimerudi sasa hivi nimechungulia chini kwa tochi ya simu. Bolti ya kulia ina tope la Kondoa limekauka juu yake, gumu, na halina hata alama ya spana. Tope la mwezi wa pili! Mara tatu, 120,000 yangu, na hajaigusa MARA MOJA.

Na huyu ndiye wa kuniambia mimi nisiguse!

Zabibu_Chungu:

Marahaba hujaitikiwa bado ushapanda juu tena. Dada wewe nunua tairi moja ya mbele, toa iliyoisha, maisha yaendelee.

Mzee_wa_Jeki:

Marahaba mwanangu. @Zabibu_Chungu usimpoteze mtoto wa watu. Hiyo gari inasukuma miguu yote minne muda wote. Ukiweka tairi moja mpya na tatu zilizoisha, vimo vinapishana, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inakaa inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Abadilishe bushi, arekebishe, na matairi ayazungushe mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hivi.

Defender_Milele:

Ndiyo shida ya vigari laini. Defender za zamani kama yangu mbele ni ekseli ya kipande kimoja, kemba hairekebishwi kwa sababu hakuna cha kurekebisha. Unanyoosha tairodi, umemaliza. Tairi zangu zina miaka sita hazijaisha.

Ubuyu_wa_Makole:

@Defender_Milele haziishi kwa sababu gari ipo juu ya mawe gereji tangu mwaka juzi. Tunaiona tukipita.

Defender_Milele:

Inasubiri sili ya gia boksi. Imeshaagizwa.

Mpwapwa_Kwetu:

Sili gani hiyo inakuja kwa miguu kutoka Uingereza?

Defender_Milele:

Wivu. Siku mvua ikikata ile njia ya kwenu mtanipigia simu kama mwaka ule.

Vumbi_la_Nala:

Mimi mafundi wa alaimenti hawanisumbui. Wanaonisumbua ni wa pancha. Juzi kaziba tundu moja, akanionyesha matundu manne mengine kwenye beseni la maji. Nikamwambia tairi ilikuwa na msumari mmoja. Kumbe mkononi ana kijisindano.

Zabibu_Chungu:

Hao wa sindano wapo! Alinitoboa wa stendi. Nililipa matundu sita, nikafika Kibaigwa tairi imelala, tundu la kwanza kabisa hakuliziba.

Mpwapwa_Kwetu:

Wa pancha afadhali. Nenda kwa wauza nyama mnadani Msalato Jumamosi. Unachagua mguu wa mbuzi mwenyewe, unaona unapimwa, unakuja kwenye sahani umepungua nusu.

Ubuyu_wa_Makole:

Inasinyaa motoni mkuu.

Mpwapwa_Kwetu:

Inasinyaa mpaka mfupa? Nilichagua mguu ukaletwa ubavu!

Binti_Bahi:

Jamani uzi ni wa tairi. Nimempata fundi mmoja Kizota, nimemwuliza kitu kimoja tu kwenye simu: utashika tairi kwa mkono? Akasema sasa nitaijuaje bila kuishika. Nimekaribia kulia. Naenda kesho saa moja.

Ila yule mwingine sijamsamehe. Mbele ya watu tisa. Siyo ng'ombe!

Vumbi_la_Nala:

@Mpwapwa_Kwetu ni yule muuza nyama mwenye aproni nyeupe au yule wa kwenye mti?

Mpwapwa_Kwetu:

Wa kwenye mti.

Defender_Milele:

Aisee na mimi yule! Na pilipili anaihesabia pembeni.