Re: Mama mwenye nyumba anataka twende kisimani

> jamani ile Jumatatu ya sikukuu mama mwenye nyumba anataka nifuatane naye kisima cha Mtakatifu Brigid wa Wakatoliki kule Liscannor, huku Ireland. mi Muislamu, niende au nitoe udhuru?

Dada nenda bwana, hawa wazee hawamchukui kila mgeni pale. Hiyo sikukuu yenyewe ya Jumatatu ya kwanza ya Februari serikali imeanza kuitoa 2023 tu ila watu visimani wanaenda tangu zamani, hata bunge la Waprotestanti la Ireland lilipotunga sheria karne ya 18 ya kuwapiga faini wanaokusanyika huko bado wakaenda, kwa hiyo usicheke cheke.

Kisima kipo jimbo la Clare karibu na yale majabali ya Cliffs of Moher. Unaingia kijumba cha mawe kama kichochoro, kuta zimejaa rozari, picha za marehemu, picha za watoto wagonjwa, vyote vimelowa unyevu. Usiguse kitu! Kwenye visima vyenye mti wa vitambaa ndo balaa zaidi, maana mgonjwa anachana nguo yake anailowesha anaifunga tawini, kitambaa kikioza na ugonjwa unaisha, sasa wewe ukikifungua wanasema ugonjwa unakuhamia wewe. Ni mzimuni kabisa kama kule kwetu pwani, vile vitambaa vyekundu na vyeupe. Na ukitaka kufunga chako iwe pamba, nailoni haiozi, inabana tawi tu.

Kuzunguka wanazunguka kwa kulia, kufuata jua, huku wanasali. We simama pembeni, hakuna atakayekuuliza.

Maji sasa. Wanaamini hayachemki hata uyaweke jikoni siku nzima, na mengine ni ya macho, ya meno, ya kichwa. Mi nanawa tu sinywi, hapo Liscannor makaburi ya zamani yako juu yake palepale kilimani, jaza mwenyewe.

Mama Rukia

---

Naunga mkono, ila niongeze: huku kwetu Donegal kuna kisima cha Doon, pale watu wanavua viatu kabisa wanatembea peku, Februari hiyo! Chukua soksi za akiba na taulo. Na dada ukimwona mama mwenye nyumba wako usiku wa tarehe 31 Januari anatandika kitambaa nje dirishani usikianue ukadhani nguo imesahaulika, anangoja Brigid apite akibariki, atakitunza cha kufunga kichwa kikiuma. Kiingilio hakuna

Baba Swaleh