Natoka leseni daraja D kwenda E: chuo cha udereva kinifundishe nini hasa?

Njiapanda_Himo:
Wakuu, habari za jioni. Nina leseni daraja D, naendesha Kirikuu, kile kilori kidogo, kati ya Moshi mjini na Himo. Nataka daraja E nishike semi, lori la kuvuta tela. Upande wa makaratasi naujua: leseni ya kujifunzia, cheti cha chuo kinachotambulika, mtihani wa trafiki, halafu TRA. Shida yangu ni mafunzo yenyewe. Chuo kimoja kinasema wiki tatu, kingine mwezi, na vyote vinatumia Fuso, lori lisilo na tela. Kabla sijalipa ada, nitajuaje kama yanatosha? Na je, kwa semi naweza kuchukua C badala ya E?

Gia_Nane:
C ni ya magari ya abiria. Kwa semi ni E.

Kuhusu muda, acha kuuliza wiki, uliza saa zako wewe mwenyewe kwenye usukani. Piga hesabu hii: siku 15 za mafunzo, gari moja likitembea saa 8 kwa siku, ni saa 120. Wanafunzi wakiwa 20, unapata saa 6. Huko Ontario, Kanada, tangu Julai 2017 hakuna anayekwenda kwenye mtihani wa gari la tela bila mafunzo ya saa 103.5 angalau, darasani, uwanjani na barabarani. Marekani, tangu Februari 2022, serikali kuu haikuweka idadi ya saa, ila mkufunzi lazima athibitishe kwamba mwanafunzi ameweza kila kipengele. Vyote viwili ni vya kudai hapa: saa za kutosha, na mtu wa kusema kweli kama umeweza.

Fuso itakufundisha gia na ukubwa wa gari. Haikufundishi kurudisha nyuma tela, ambako usukani unazungushwa kinyume cha upande unaotaka mkia uende. Chuo kisicho na hosi (kichwa cha semi) na tela hakijakuandaa kwa kazi unayoitaka. Na wakikurudisha kinyumenyume upande wa kulia tu, kataa. Sisi tunakaa kulia, kwa hiyo tela ikikunjia kushoto kioo cha kushoto kinaonyesha ubavu wa tela na hakuna kingine. Huko ndiko kwa kufanyia mazoezi mengi.

Fundi_Upepo:
Naongeza breki za upepo, maana hapa vyuo vingi vinapita haraka mno.

Weka vizuizi kwenye matairi kwanza, kwa sababu utaachia breki ya mkono. Jaza upepo hadi pampu ya upepo ijikate, zima injini, kanyaga breki kwa nguvu dakika moja bila kuachia. Kipimo cha mitihani ya Marekani kwa hosi na tela ni kutopoteza zaidi ya psi 4, karibu bar 0.3. Halafu washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga na kuachia mfululizo. Taa na mlio wa onyo vije kabla upepo haujashuka chini ya bar 4. Mwisho mwaga maji kwenye matangi. Maji yakijaa tangi, nafasi ya upepo inapungua na vali zinapata kutu.

Kuunganisha tela: sahani ya hosi, ile inayobeba tela, iwe juu kidogo kuliko tela, ili ukirudi uinyanyue. Tela ikiwa juu mno, kingpini (pini iliyo chini ya tela) inapita juu ya taya za sahani badala ya kuingia ndani, na ukiangalia kwa mbali utadhani imeshika. Ingia chini na tochi: taya zimefunga nyuma ya kingpini, na hakuna upenyo kati ya sahani na tela. Vuta mbele taratibu tela ikiwa bado imefunga breki. Ikishika, ndipo unaunganisha mabomba, la njano kwanza, jekundu mwisho.

Njiapanda_Himo:
Asante sana mkuu. Kwa nini jekundu liwe mwisho?

Fundi_Upepo:
Jekundu ndilo linalopeleka upepo kwenye tangi la tela na kuachia breki zake za dharura. Ukilitanguliza, tela inaweza kuanza kutembea wewe ukiwa umesimama katikati. Kutenganisha ni kinyume: jekundu kwanza. Na breki ya kuegeshea ya tela iwe imevutwa muda wote huo.

Mizani_Makuyuni:
Mwombe mkufunzi akushushe mteremko wa kweli, Karatu kuja Mto wa Mbu, au angalau Kikafu. Gia ndogo unaichukua juu, kabla ya kuanza kushuka. Kasi ikishapanda, gia ndogo haiingii, unabaki fri, yaani bila gia, na breki peke yake. Ngoma ikipata moto inatanuka na kukimbia viatu, na gari halishiki. Tumia egzosi breki, ile inayobana moshi wa injini ili gari lipunguze kasi. Breki ya mguu kanyaga kwa uhakika mpaka kasi ipungue kama kilomita 10, achia, rudia. Usiiegemee.

Jifunze pia uzito kwa ekseli. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, semi ya ekseli sita yenye matairi pacha inaruhusiwa tani 8 mbele, 18 kwa mbili za kati, 24 kwa tatu za nyuma, jumla 50. Unaweza kuwa na 48 ukazuiwa mizani bado, kwa sababu saruji imepangwa mbele ya tela na ekseli za kati zimebeba 20. Hapo dawa ni kusogeza mzigo nyuma kabla ya kufunga turubai.