Mrejesho: jante za Supra yangu

Bandugu, asanti kwa wote mulionijibu. Niliuliza kama gari yangu Toyota Supra ya 1988, ile ya umbo la A70 yenye turbo, naweza kuitoa kwenye pine za zamani 225/50R16 (upana milimita 225, ubavu asilimia 50 ya upana, jante ya inchi 16) niiweke jante (rimu) za inchi 18. Basi nikajaribu za kuazima na pine 235/40, ikisimama ni muzuri kabisa, lakini ukikata usukani tu pine ya mbele inasugua plastiki ya ndani, na barabara za Goma munazijua, jiwe la volkano ya Nyiragongo halina huruma, kabla sijafika mtaa wa Ndosho jante moja ikapinda mdomo. Mwenye jante nimemulipa, tuyaache.

Nimeishia jante za 17 na pine 225/45: kipenyo kama milimita 634, za zamani 631, njo kipimamwendo hakidanganyi. Matundu ya nati ni yaleyale 5x114.3 (nati tano kwenye duara la milimita 114.3), ila tundu la katikati ya jante ni milimita 73.1 na habu ya Toyota, kile kitovu jante inapokalia, ni 60.1, basi jante haikai katikati sawasawa, gari ikifika kilomita 80 kwa saa usukani unatetemeka mpaka mikono inawasha. Fundi wa vyuma akanichongea pete nne za aluminiamu za kuziba hiyo nafasi, kwisha. Turbo ikishika sasa mukia hautelezi sana, lakini hiyo nadhani ni upya wa pine kuliko saizi.

Zile za 16 siuzi, mvua ikianza nazirudisha.