Tupeane uzoefu: kuendesha klabu ya chesi ya mtaani, ubaoni na mtandaoni

Mlinda Ngome
Wakuu, habari za jioni. Leo grupu letu limechafuka, watu wametukanana tangu asubuhi na mweka hazina amejitoa. Chanzo ni kile kile, mashindano ya Jumatano.

Klabu yetu iko Tanga. Jumamosi tunakutana ana kwa ana, Jumatano saa tatu usiku tunacheza Lichess, tovuti ya chesi. Jumamosi wanakuja watu kumi na kitu. Jumatano wanajaa. Ila wa Jumatano hawataki kutoa ada, wanasema wao hawakalii viti vyetu wala hawanywi maji yetu. Wa Jumamosi nao wanasema Jumatano imejaa wezi wanaochezewa na injini, yaani programu ya kompyuta inayocheza chesi. Mimi mwenyekiti niko katikati, nasukumwa huku na huku.

Waliowahi kuongoza klabu ya aina hii tupeane uzoefu. Ada, wadanganyifu, vifurushi, wazee wasiotaka simu, vyote.

Kibarazani
Naweka kambi hapa.

Mwana wa Kizingo
Sisi Mombasa tulilazimishwa na kafyu ya korona. Machi 2020, saa moja jioni kila mtu awe kwake, na sataranji yetu, hiyo mwaiita chesi, siku zote ilikuwa ya baada ya Isha. Kijana mmoja akatufungulia timu Lichess. Ni bure, haina matangazo, inaishi kwa michango tangu yule Mfaransa Thibault Duplessis alipoianzisha 2010. Wazee wakakataa katakata, wao hawachezi na kioo. Haikupita muda wakawa wao ndio wa kwanza kuingia, na wa mwisho kutoka.

Tabu ilianza kafyu ilipoondolewa, Oktoba 2021. Tukafungua baraza, hawaji! Mzee goti lamuuma, akwambia mie nacheza kitandani, mto mgongoni, nije kwenye baridi kufanya nini? Ikabidi tuwafuate mmoja mmoja majumbani. Kilichowarudisha, wallahi, ni kahawa na kashata. Tuliweka mpika kahawa pale pale barazani na watu wakarudi. Mchezo wataupata popote, lakini kule kwenye simu hamna wa kumcheka mwenzio akipoteza malkia.

Askari wa H7
Naunga mkono hapo kwenye kahawa. Sisi ni chai na mihogo, na Jumamosi nafasi hazitoshi.

Dada Saa
Mimi ni mwamuzi, Dar. Nazungumzia watoto waliojifunzia chesi kwenye simu, maana wanaoongoza klabu wengi hawawaandai.

Kwenye simu huwezi kucheza hatua isiyo halali, kete inagoma. Ubaoni hakuna wa kukugomea. Niliwahi kusimamia meza ya mtoto wa miaka tisa, anacheza vizuri kuliko umri wake. Alishika farasi akamwinua, akabaki amemshikilia hewani akiutazama ubao. Nikagundua anasubiri vile vidoti vya kumwonyesha farasi anakwenda wapi. Vidoti havikuja. Akamrudisha farasi mahali pake, akashika askofu. Mpinzani akaniita: ukigusa umecheza. Ni sheria, ilibidi nimwambie mtoto acheze farasi. Alilia mpaka kamasi.

Kwa hiyo kabla hujampeleka mtoto wa mtandaoni kwenye mashindano ya ubaoni, mfundishe mambo haya: ukigusa umecheza, unabonyeza saa kwa mkono ule ule uliosogezea kete, na kwenye michezo ya haraka hatua haramu ya kwanza mpinzani anaongezewa muda, ya pili umepoteza mchezo. Na simu inabaki nje ya ukumbi. Hilo la simu wazazi ndio wabishi kuliko watoto.

Jirani wa Ruwi
Niko Muscat, nacheza na klabu ya nyumbani Unguja kwa mtandao. Mkiwa na watu wa nje andikeni muda kwa mtindo wa saa ishirini na nne. Kiongozi wetu alitangaza saa tatu usiku, kijana aliyekuwa anaweka mashindano akaandika 3:00. Yakaanza alfajiri, watu wamelala, akashinda mlinzi wa usiku peke yake.

Mkaanga Karanga
Mimi nasema mtandao futeni kabisa. Klabu ni watu kuonana uso kwa uso. Mtu anayejiita "DragonKiller255" ni mwanachama wa nini? Hana jina, hana sura, akifiwa hujui umchangie nani.

Askari wa H7
@Mkaanga Karanga wewe una duka hapo hapo klabuni, lazima useme hivyo. Mimi niko zamu ya usiku siku sita. Bila Jumatano nisingekuwa na klabu.

Mkaanga Karanga
Usinichafue. Karanga nauza popote.

Pwani ya Ziwa
Acheni niwaeleze ya Mwanza, maana mada hii imenigusa penye kidonda.

Nilikuwa katibu wa klabu. Tulikuwa na kijana wa kidato cha pili, Jumamosi anafungwa na kila mtu. Ghafla Jumatano akaanza kutufunga wote. Na si kwa kubahatisha. Anakuachia ngome bure, unaila, hatua chache mbele mfalme wako hana pa kukimbilia. Mwenyekiti wetu, mzee anayeheshimika mjini, alifungwa naye mara mbili usiku mmoja. Saa tano usiku mzee akaandika kwenye grupu, mbele ya wanachama wote na wazazi wao: huyu mtoto ni mwizi, anatumia injini, atolewe.

Watu wakamwaga petroli. Mmoja akapitisha michezo yake kwenye injini ya Stockfish akaleta asilimia za usahihi. Wengi hata hawajui asilimia hizo zinapimwaje, wala kwamba mchezo mfupi na mwepesi unaweza kumpa asilimia kubwa mtu yeyote, lakini wakazipokea kama hukumu ya mahakama. Kijana hakujibu neno. Akatoka kwenye grupu.

Jumamosi tunapanga mbao, mama yake akaingia. Mama wa sokoni, kajifunga kanga kiunoni, simu mkononi. Simu yenyewe kioo kimepasuka kutoka kona ya juu, kimebandikwa selotepu. Baadaye niliishika, upande wa kulia haukuitika mpaka ubonyeze kwa nguvu. Nyuma yake kasimama binti wa darasa la sita anatazama chini. Mama akauliza, nani kamwita mwanangu mwizi? Mwenyekiti akasimama, akasema ni mimi mama.

"Basi anayewafunga Jumatano ni huyu. Kaka yake anampa simu akimaliza hesabu zake. Hapa simleti kwa sababu mnakutania baa."

Na ni kweli. Tulikuwa tunakutania uani kwa baa moja, mchana, kwa kuwa viti vilikuwa vya bure.

Mwenyekiti akavuta kiti. Wakacheza mara mbili, dakika kumi na tano kila mtu. Mchezo wa kwanza binti akafungwa kwa muda: alikuwa hajawahi kuona saa ya chesi, kila akicheza anasahau kuibonyeza, kibendera kikaanguka huku ana kete nyingi zaidi. Wa pili alikuwa anabonyeza saa kwa nguvu mpaka meza inatikisika. Akamfunga mzee kwa farasi, mfalme amezibwa na askari wake mwenyewe.

Mzee akampa mkono, akaomba radhi mbele ya watu. Tukahama baa. Binti akaja na wenzake wa shule, na siku hizi wasichana Jumamosi ni karibu nusu. Kila anayesimulia kisa hiki huishia hapo. Mimi kinachoniuma ni kaka mtu. Alitukanwa usiku mzima kwenye grupu, na radhi aliombwa dada yake. Hajarudi kwenye klabu mpaka leo, na aliyefungua timu yetu ya Lichess alikuwa yeye.

Kibarazani
Daah. Hapo mwisho pameniumiza.

Mzee wa Vizibo
Chai hii. Binti wa darasa la sita hajawahi kugusa ubao anamfunga mwenyekiti?

Pwani ya Ziwa
Sikusema hajawahi kugusa ubao. Nimesema hajawahi kuona saa. Soma vizuri.

Nkozi Boy
@Mzee wa Vizibo njoo Kampala uulize mtaa wa Katwe. Phiona Mutesi alimfuata kaka yake kwa kocha wa chesi Robert Katende kwa sababu ya bakuli la uji, akaja kuichezea Uganda Olimpiadi ya chesi. Watoto wako hivyo, wewe unabisha nini?

Mzee wa Vizibo
Simbishii Mutesi. Nasema akaunti ilikuwa ya kaka, aliyecheza ni dada. Huo si udanganyifu? Kama kulikuwa na zawadi ilitakiwa irudishwe.

Dada Saa
Kikanuni ni kosa, kweli. Kucheza kwa akaunti ya mtu mwingine hakuruhusiwi, na kusaidiwa na binadamu ni sawa na kusaidiwa na injini. Lakini mtoto wa darasa la sita angejuaje, kama klabu haikuwahi kuwaandikia sheria? Andikeni sheria fupi, ziwekwe juu ya grupu, kila akaunti iwe na jina halisi linalojulikana na viongozi. Baada ya hapo ndipo muadhibu.

Na kumtuhumu mtu hadharani kukomeshwe kabisa. Mnakumbuka 2022, Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati ule, alijitoa kwenye mashindano ya Sinquefield Cup baada ya kufungwa na Hans Niemann. Dunia nzima ikagawanyika, Niemann akamshtaki Carlsen mahakamani, na ushahidi kwamba mchezo ule wa ubaoni ulikuwa na udanganyifu haukutolewa. Kama wakubwa inawashinda, wewe na asilimia zako za saa tano usiku utaweza?

Mswahili wa Leicester
Mimi si wa chesi, nacheza bridge hapa Uingereza, ile ya karata ya watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Tatizo letu ni hilo hilo na kwetu ni zito zaidi, maana una mwenza. Wenza wakiwa nyumba moja, kila mmoja na kompyuta yake, nani atajua kama wanaambiana karata walizoshika?

2020 klabu ilihamia Bridge Base Online, tovuti ya bridge ambayo ipo tangu 2001. Wengine wakaenda RealBridge kwa kuwa ina kamera, unamwona mwenzako usoni na kuongea naye. Wazee waliipenda hiyo. Kwenye malalamiko tunafanya hivi: ukimshuku mtu unamwandikia mtu mmoja tu aliyeteuliwa. Anaweka kumbukumbu, anaangalia michezo mingi ya muda mrefu, na wengine hawajui hata kama kuna lalamiko. Ukiandika kwenye grupu unayeadhibiwa ni wewe.

Lingine dogo: mwenyeji wetu hajipangi kucheza. Anakaa tayari kuziba pengo watu wakipungua, ili asiwepo aliyesafiri mvua yote hiyo akaishia kutazama.

Mwana wa Kizingo
Hilo la mwenyeji nimelichukua.

Kilele
Arusha hapa. Hamjagusa intaneti yenyewe. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, sisi tulikuwa katikati ya mechi ya Jumapili na klabu ya Nairobi. Mbao zikaganda. Kwenye simu unaona saa yako inakula dakika na huwezi kufanya kitu. Mwenzetu alikuwa amebakiza hatua mbili kumfunga mtu, akatangazwa amepoteza kwa muda. Kidogo tuvunje undugu na Nairobi, kila upande unadhani mwenzake kajitoa makusudi.

Tangu hapo tuna sheria: mtandao ukimkatikia mtu mmoja, ni bahati yake mbaya. Ukiwakatikia wengi kwa pamoja, raundi inafutwa na inarudiwa.

Askari wa H7
Na msiweke arena, yale mashindano ya kucheza mfululizo mpaka muda uishe, kama watu wana vifurushi vidogo. Arena inamfaa mwenye mtandao wa kasi, anamaliza mchezo huu anaingia mwingine, na akishinda mfululizo pointi zinaongezwa mara dufu. Wekeni mfumo wa Uswisi, wa raundi zilizopangwa, kila mtu raundi sawa.

Kilele
Hapana mkuu. Kwenye Uswisi ukichelewa raundi umechelewa. Arena anaingia hata mwenye umeme uliorudi sasa hivi. Kwa mgao tuliopitia, arena ndiyo ilituokoa.

Mkaanga Karanga
Ubao hauhitaji umeme.

Mlinda Ngome
Ahsanteni sana. @Pwani ya Ziwa nimesoma kisa chako mara mbili, na nimeagiza ujumbe mmoja wa jana ufutwe kwenye grupu letu, aliyeandikiwa nitamfuata nyumbani kesho. Ada je? Bado sijajibiwa.

Dada Saa
Ada moja kwa wote. Anayecheza Jumatano anatumia muda wa mwamuzi na jina la klabu.

Mzee wa Vizibo
Nusu. Mtu hajakalia kiti.

Mwana wa Kizingo
Sie, wa mtandaoni twawatoza nusu, na akija barazani siku hiyo kahawa ni juu yake.

Sasa @Mlinda Ngome, nina ombi. Tucheze Mombasa na Tanga, mbao nane, kwa mtandao, lakini wachezaji wenu wote wakae klabuni kwenu na wetu barazani kwetu, mwamuzi akiwatazama, simu binafsi zote mezani kwake. FIDE, shirikisho la chesi duniani, wana kanuni za mashindano ya namna hiyo, si jambo la kubuni. Wezi wa Jumatano tutawaona hapo.

Mlinda Ngome
Tumekubali. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, 16:00. Kompyuta za kuazima tunatafuta.

Dada Saa
Mwamuzi wa Tanga ni nani? Asiwe miongoni mwa wale wanane.