Maji ya mtoni kwenye magunia yetu

Kikundi: BUSTANI YA KONA 🌿

*Jumamosi*

06:12 Bibi wa Kona: Mmeamkaje wanangu. Nimepita bustanini baada ya swala. Magunia yetu manne ya mboga, yale ya upande wa ukuta, yamelowa chapachapa, na bomba letu halijatoa maji tangu Jumanne. Nani kamwagilia, na maji kayatoa wapi?

06:15 Mama Mapacha: Shikamoo Bibi. Labda umande?

06:16 Bibi wa Kona: Marahaba mwanangu. Umande haulowanishi gunia mpaka kitakoni. Halafu yananuka.

06:31 Dogo wa Boda: Shikamooni wakubwa. Ni mimi. Nimechota mtoni, madumu manne kila jioni tangu Jumatano. Mchicha ulikuwa umelala kabisa, matembele yamejikunja. Miezi miwili tumehangaika na yale magunia, nilishindwa kupita pale nikayaacha yafe.

06:33 Mama Mapacha: Mtoni wapi???

06:33 Dogo wa Boda: Mto Ng'ombe, pale kwenye kivuko cha miguu.

06:34 Mama Mapacha: Uwiii! Jana nimechuma mafungu mawili kwenye hayo hayo magunia. Wanangu wamekula na ugali.

06:36 Mwalimu wa Tuisheni: Tulieni kwanza. Dogo hakufanya kwa ubaya. Mzee Bwana Shamba, shikamoo, ukiamka tunakuhitaji.

06:52 Bwana Shamba Mstaafu: Marahaba. Nimesoma yote. Mama Mapacha, mboga uliipika au ulikaanga juu juu?

06:53 Mama Mapacha: Niliosha maji matatu, nikapika na nazi mpaka ikaiva kabisa.

06:58 Bwana Shamba Mstaafu: Vizuri. Kuna mambo mawili hapo, na msiyachanganye. La kwanza ni vijidudu. Mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo na uchafu wote unaingia mtoni. Humo mna mayai ya minyoo, na kipindupindu kinapita njia hiyo. Moto unaua hivyo, kwa hiyo kwa mboga iliyoiva sina hofu kubwa. Lakini ubao uliokatia, kisu na mikono iliyoshika majani mabichi, osheni kwa sabuni. Mtoto akianza kuharisha au kutapika, usingoje jioni, mpeleke zahanati.

07:01 Bwana Shamba Mstaafu: La pili moto hauliwezi. Mto Ng'ombe unamwaga mto Msimbazi. Watafiti wa vyuo vya hapa Dar walipima udongo na mboga za bonde la Msimbazi wakakuta madini mazito, madini ya risasi yakiwemo. Hayo yanatoka viwandani, gereji, betri zinazotupwa. Mmea unayanyonya kwa mizizi, yanakaa NDANI ya jani. Uoshe, uchemshe, yamo tu. Na mboga za majani ndizo zinazoyabeba zaidi. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto anayekua, polepole, bila homa wala kelele.

07:04 Mama Mapacha: Mzee, unanitisha.

07:06 Bwana Shamba Mstaafu: Usiogope mwanangu. Mlo mmoja haufanyi hivyo. Ni kula kila siku, mwaka na mwaka. Ninachokataa ni sisi kuanza hiyo safari.

07:10 Baba Duka: Naomba niseme ukweli. Mboga ngapi za sokoni zinamwagiliwa maji hayo hayo? Tunazinunua na tunakula. Kwa nini tutupe jasho letu kwa ajili ya madumu machache?

07:14 Mwalimu wa Tuisheni: Baba Duka, kumbuka tulianza kwa sababu hiyo hiyo. Pale palikuwa jalala. Tumezoa taka Jumamosi tano, tena kwa mikono. Tulitaka mahali ambapo mama akichuma jani anajua limekunywa nini.

07:15 Baba Duka: Hapo sina neno.

07:21 Dogo wa Boda: Naombeni radhi wote. Mama Mapacha hasa. Sikujua habari ya madini. Mimi nilidhani ukipika basi.

07:23 Mama Mapacha: Nimekusamehe mdogo wangu. Kwanza wewe ndiye pekee uliyekumbuka kwamba mimea ina kiu. Sisi wengine siku nne tulikuwa wapi?

07:24 Bibi wa Kona: Hilo ni letu sote. Mimi nilipita nikaangalia, nikasema kesho maji yatarudi.

07:30 Mjumbe: Habari za asubuhi. Naona tuamue. Mzee, yale magunia manne tufanyeje?

07:37 Bwana Shamba Mstaafu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, madumu 12. Ni lita 240, kama lita 60 kila gunia. Siku tatu hazijazi udongo madini, nasema kwa haki. Ila hatuna kipimo, na wanaokula ni watoto. Ng'oeni mboga ya humo, msimpe mtu wala kuku. Udongo wake tuutumie kupandia mti wa mjohoro, kile kivuli tulichosema cha watoto wanaocheza rede. Upandwe hatua kumi kutoka ukutani, mizizi yake ina nguvu. Magunia mengine sita hayakuguswa, hayo endeleeni kuchuma.

07:40 Bibi wa Kona: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:48)

07:42 Mwalimu wa Tuisheni: Nawaandikia walio kazini. Bibi anasema gunia la kwanza alilijaza yeye. Aliweka kopo la maziwa lisilo na kitako katikati, akalijaza kokoto, akazungushia udongo na samadi, kisha akalivuta kopo juu kidogo na kujaza tena, mpaka kokoto zikasimama kama nguzo ya kupitisha maji. Matundu ya pembeni aliyatoboa kwa kisu, yakipishana ili miche isibanane. Anasema inamuuma, lakini ataling'oa kwa mkono wake, asiguse mtu mwingine.

07:43 Dogo wa Boda: Bibi, nitakuja kukusaidia kubeba.

07:44 Bibi wa Kona: Njoo baba. Uje na jembe.

07:50 Jirani wa Ghorofani: Wazo tu. Kwa nini tusihamishie bustani karibu na mto, tuchimbe kisima kifupi? Kuna nafasi kubwa.

07:53 Mjumbe: Hapana. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto. Na kisima kifupi pale kinavuta maji yale yale, pamoja na ya vyoo vyetu.

08:05 Fundi Bati: Nimechelewa, nilikuwa juu ya paa la mtu. Jamani, maji mnayo juu ya vichwa vyenu! Bati la Bibi lina mita 6 kwa 5, ni mraba 30. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ikinyesha milimita 10 tu, hizo ni lita 300. Hata zikimwagika kidogo, madumu 12 unapata. Yale yale aliyobeba Dogo kwa siku tatu.

08:07 Mama Mapacha: Kumbe! Sasa inahitaji nini?

08:11 Fundi Bati: Gata upande mmoja, bomba la kushukia, pipa lenye mfuniko na chandarua juu, mbu wasizalie humo. Mvua ya mwanzo iacheni ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Gata ninazo mabaki za kazi, ufundi sitaki hela. Leteni pipa.

08:13 Baba Duka: Pipa langu la lita 200 lipo nyuma ya duka, lilikuwa la mafuta ya kula. Nalisugua leo.

08:15 Bwana Shamba Mstaafu: Safi sana. Vuli ikianza linajaa. Kwa sasa tumieni maji ya kuoshea mchele na mboga. Ya kufulia hapana, sabuni ya unga inaacha chumvi kwenye udongo. Na tandazeni majani makavu juu ya magunia, unyevu ukae. Mwagilieni jioni, jua likishapoa.

08:20 Mjumbe: Mpaka bomba lirudi, kila nyumba dumu moja kwa zamu. Gunia sita zinahitaji madumu matatu kwa siku. Nyumba tatu tatu. Leo nani?

08:21 Mama Mapacha: Mimi.

08:21 Baba Duka: Mimi.

08:22 Dogo wa Boda: Mimi nitanunua la kisima kirefu kule barabarani, wanauza 300. Nabeba kwa boda.

08:23 Mama Mapacha: Na ya kuoshea mchele wa mchana namwekea Bibi kwenye ndoo ya bluu mlangoni. Watoto wanaendelea vizuri, wameomba uji.