Naomba ushauri: nirushe roketi wakati gani ili ikutane na kituo changu kwenye obiti (njia yake ya kuizunguka sayari)?

Kipanga_09
Wakuu, salaam. Nacheza Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta wa kurusha roketi. Kituo changu kinaizunguka Kerbin, sayari ya mchezo huo, kwa urefu wa kilomita 100, nataka kukipelekea mafuta na watu watatu. Leo siku ya nne nahangaika. Nasubiri kwenye ramani mpaka kituo kifike karibu juu ya uwanja wa kurushia, naachia roketi, napanda moja kwa moja hadi kilomita 100. Nikifika nakuta kimeshanitangulia digrii 30 hivi. Naelekeza pua kwenye alama ya shabaha, nawasha injini. Umbali unapungua kidogo, halafu unaanza kuongezeka. Jana mafuta yaliisha nikiwa kilomita 212 nyuma yake, nikabaki naitazama namba inapanda. Nakosea muda wa kurusha au kuna kingine?

FundiRoketi
Pole mkuu. Muda wako unarekebishika, tatizo kubwa ni huko kukifukuza. Ukiwasha injini kujisukuma mbele, obiti yako inapanda upande wa pili, mzunguko unarefuka, unazidi kuachwa. Na wenye roketi za kweli yaliwakuta. Juni 1965, mwanaanga wa Marekani James McDivitt akiwa kwenye chombo cha Gemini 4 alijaribu kukifuata kipande cha roketi ya Titan kilichowapandisha, kwa kukielekea tu. Mafuta yakaliwa, wakaacha. Desemba mwaka huohuo Gemini 6A iliifikia Gemini 7, na ilianzia obiti ya chini yake.

Fanya hivyo. Kwa kilomita 100 kituo kinamaliza mzunguko kwa dakika 32 na sekunde 38. Ukikaa kilomita 80 wewe unamaliza kwa dakika 31 na sekunde 15. Kila mzunguko unakula digrii 15 za pengo bila kuchoma tone la mafuta. Tulia hapo chini, harakisha muda. Kituo kikibaki mbele yako digrii 4 hivi, washa injini kujisukuma mbele, ongeza mita 16 kwa sekunde. Dakika 16 baadaye unafika kilomita 100, nacho kinafika. Hapo ongeza mita 16 nyingine mwendo ulingane nacho.

Kuhusu kurusha: kama roketi yako inaachwa digrii 30 ukiondoka kituo kikiwa juu, ondoka dakika moja kabla hakijafika juu. Utaachwa digrii 20 tu, unazunguka mara moja na unakipata. Usiwahi sana. Ukitokea mbele yake, kule chini ndiyo unazidi kukikimbia.

Kipanga_09
Dah, asante sana mkuu. Na nikitokea mbele yake bahati mbaya?

FundiRoketi
Panda mpaka kilomita 160 usubiri. Kwa kila mzunguko wako kituo kitakusogelea digrii 47.

Mwana_Malindi
Ndugu Kipanga, kabla hujarusha tena, obiti ya kituo ina mwinamo kiasi gani, yaani imelala pembe gani na ikweta?

Kipanga_09
Nimeangalia sasa hivi, digrii 6. Siku nakirusha pua ilienda kaskazini kidogo, nikaona si kitu.

Mwana_Malindi
Ni kitu. Ukirusha mashariki moja kwa moja, kuusahihisha mwinamo huo ukiwa juu kutakula mita 235 kwa sekunde. Linganisha na zile 16 za Fundi! Uwanja wa Kerbin uko karibu kabisa na ikweta, na hiyo ni bahati ya mahali: kutoka hapo unafikia hata obiti isiyo na mwinamo. Huku kwetu Malindi, Kenya, Waitaliano walisimamisha jukwaa la kurushia roketi la San Marco baharini kwa sababu hiyohiyo, na satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970.

Kwa hiyo, ili usilipe hizo mita 235, saa yako ya kurusha inaamuliwa na ardhi inavyozunguka chini ya obiti. Fungua ramani, zungusha mpaka mstari wa obiti ya kituo uonekane kama uzi ulionyooka, subiri uwanja upite chini yake. Siku ya Kerbin ni saa 6, nafasi hiyo unaipata kila baada ya saa 3. Mara moja utaelekea kaskazini kidogo ya mashariki, kama 84 kwenye dira, mara nyingine kusini kidogo, 96. Wakati huo kituo kinaweza kuwa popote, hata upande wa pili wa sayari. Usijali. Zile digrii 15 za kilomita 80 zitamaliza pengo, hata kwa mizunguko 20. Wanaokwenda kituo cha anga cha kimataifa, chenye mwinamo wa digrii 51.6, nao husubiri uwanja upite chini ya obiti.

FundiRoketi
Sahihi kabisa, hilo la mwinamo nililiruka. Mfuate Malindi kwa saa ya kurusha, mimi kwa pengo.

Kipanga_09
Wakuu, nimerudi. Nilirusha kwa 84, mwinamo ukatofautiana digrii 0.4 tu. Nilikuwa nyuma digrii 140, nikazunguka mara tisa kwa kilomita 80. Nilipowasha injini ramani ilionyesha tutapishana kwa kilomita 1.8. Nikalinganisha mwendo, nikasogea taratibu. Sasa niko mita 90, jua linachomoza nyuma ya Kerbin, paneli za kituo zinang'aa moja baada ya nyingine. Mafuta yamebaki zaidi ya nusu tangi. Naanza kuunganisha.